Ukitafuta Nyundo, Utaletewa Nyundo

Nyundo ni jina la mahali. Ni sekta ya wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, si mbali na mji wa Gisenyi na Ziwa Kivu, na limepewa pia jimbo la Kanisa Katoliki lenye asili ya mwaka 1952. Nyundo vilevile, kama ajuavyo kila askari aliyepata kupigilia kigingi cha hema, ni chombo cha kugongea. Na Wanyarwanda nao chombo hicho hukiita inyundo. Tena Nyundo ni jina la ukoo miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na majina ya waandishi huwekwa katika hazina za maktaba sawasawa na majina ya miji na mito.

Mtu aketiye mbele ya kompyuta ya maktaba na kuandika neno hilo moja tu, akitumaini kuletewa utafiti uliofanywa mahali hapo, ataletewa vyote hivyo vimechanganywa pamoja, naye atainuka akisema kwamba maktaba haina kitu. Kompyuta haikumkosea. Imemletea alichoagiza.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu kama si usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Usiku huo mvua kubwa iliinyeshea milima ya magharibi na kaskazini ya Rwanda. Mto Sebeya, ambao hupita Nyundo ukielekea Ziwa Kivu, ulivunja kingo zake na kuingia majumbani watu wakiwa wamelala, na kwingineko udongo wa milimani uliporomoka juu ya nyumba. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha katika maafa hayo. Kama ilivyo kawaida katika misiba ya namna hiyo, walioitwa kuokoa na kuhamisha watu walikuwa askari na polisi.

Sasa na tumfikirie ofisa anayepewa amri ya kuandika mpango wa kuwahamisha wananchi wa bonde kama lile kabla ya masika yajayo. Nani amekwisha kuupima mto huu? Maji huchukua muda gani kutoka milimani mpaka kufika kwenye makazi? Mahali pengine penye milima na udongo kama huu, tahadhari ilitolewa kwa njia gani, na watu waliitii au waliipuuza? Baadhi ya majibu yamo katika makala za utafiti zilizokwisha kuandikwa na kulipiwa. Kazi iliyobaki ni kuzipata. Na si kazi ya siku za maafa peke yake: katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Nyakinama, wilayani Musanze, na katika Chuo cha Taifa cha Polisi kilichoko Musanze vilevile, maofisa husoma kozi zinazoambatana na shahada za Chuo Kikuu cha Rwanda, nao hutakiwa kuandika tasnifu kama wanafunzi wengine wote.

Kadi za Calcutta

Twaamini kwamba polisi wanapaswa kuielewa kazi hii upesi kuliko watu wengine, kwa sababu ni wao waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuitatua. Mwaka 1897 ilifunguliwa huko Calcutta, India, ofisi ya alama za vidole chini ya Inspekta Jenerali Edward Henry. Wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walifanya sehemu kubwa ya hesabu zilizoiwezesha, ingawa mpango wenyewe ulipewa jina la mkubwa wao. Waliligawa kabati katika visanduku 1,024, yaani safu 32 kwa 32, na kila kadi ikawekwa katika kisanduku chake kwa kufuata umbo la mistari ya vidole vyote kumi. Alipokamatwa mtu asiyetaka kutaja jina lake, karani hakupekua maelfu ya kadi. Alihesabu, akaenda kwenye kisanduku kimoja, akatazama kadi chache. Mwaka 1901 polisi wa London waliuchukua mpango huo huo.

Makala ya utafiti nayo ina alama zake za vidole: kichwa chake, jina la mwandishi, jarida, mwaka, muhtasari wa aya moja ambao wataalamu huuita ikisiri, na maneno ya mada ambayo wakutubi au mwandishi mwenyewe ameyachagua. Hazina za kompyuta za maktaba, ambazo siku hizi huitwa kanzidata, huhifadhi alama hizo na hukuruhusu kuchagua utafute katika ipi. Ukitafuta Nyundo katika nafasi ya mwandishi utaletewa watu. Ukitafuta katika kichwa na ikisiri, utakaribia mahali. Kisanduku kidogo cha kuchagulia nafasi hiyo hukaa kando ya ukurasa, na wengi hawakigusi kabisa.

Kabla ya kugusa kompyuta, hata hivyo, yafaa kalamu na karatasi. Swali liandikwe kwa ukamilifu, kisha livunjwe katika mafungu yake. Katika mfano wetu mafungu ni matatu: mahali, maafa na tahadhari. Chini ya kila fungu yaandikwe majina yote ambayo mtu mwingine angeweza kulitaja jambo hilo hilo, maana mwandishi wa makala hakukuuliza wewe hulitaje.

Mafungu hayo huunganishwa kwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo kanzidata karibu zote huyatambua yakiandikwa kwa herufi kubwa. Asili yake ni hesabu za mantiki za George Boole, Mwingereza aliyefundisha mjini Cork, Ireland, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1854. AND hudai kwamba maneno yote mawili yawepo, kwa hiyo hupunguza matokeo. OR huridhika na lolote kati ya hayo, kwa hiyo huongeza. NOT hutupa nje kila chenye neno fulani. Mabano huyafungia maneno ya fungu moja pamoja yasichanganyike na ya fungu jingine. Basi swali letu laweza kuandikwa hivi:

(Sebeya OR Nyundo OR Rubavu OR Gisenyi) AND (flood* OR inondation* OR landslide*) AND (warning OR alert* OR evacuat*)

Kinyota kile humaanisha kwamba neno liletwe pamoja na miisho yake yote. Evacuat* italeta neno la kuhama na la kuhamisha, kitenzi na nomino. Volcan* ina faida zaidi, kwa kuwa huleta maneno ya Kiingereza na ya Kifaransa kwa pamoja. Lakini kinyota kikiwekwa mapema mno huharibu. Ofisa wa jeshi anayeandika war* akitafuta habari za vita ataletewa maghala, walinzi wa magereza na hali ya hewa ya joto, kwa kuwa maneno hayo kwa Kiingereza huanza na herufi hizo hizo. Ofisa wa polisi naye akiandika polic* atapata polisi, ni kweli, pamoja na kila makala duniani inayozungumzia sera. Na pale ambapo maneno mawili lazima yafuatane, kama vile jina la chuo au la msitu, yafungwe ndani ya alama za nukuu.

Kuhusu NOT twashauri itumiwe kwa nadra sana. Mtu anayetaka habari za Rwanda pekee aweza kushawishika kuandika NOT Congo. Gisenyi na Goma zinagusana mpakani. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Rwanda, na matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba za Rubavu. Makala yoyote yenye maana juu ya tukio hilo itazitaja nchi zote mbili. Neno moja la kukataza lingezifuta zote, na mtafutaji asingejua kamwe kwamba zilikuwepo.

Mahali pamoja, majina mengi

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa twapenda kukaa kidogo. Tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, uliokuwa mkoa wa Gisenyi umekuwa sehemu ya Mkoa wa Magharibi, na wilaya iliyozunguka mji huo ikaitwa Rubavu. Ruhengeri ikawa Musanze, Kibuye ikawa Karongi, Cyangugu ikawa Rusizi. Kwa hiyo anayetafuta Rubavu peke yake hupata zaidi utafiti wa baada ya 2006, naye aweza kudhani kwamba kabla ya hapo hakuna aliyewahi kupima chochote. Wabelgiji waliandika Kisenyi. Wajerumani waliotangulia waliandika Kissenji. Jirani yetu wa magharibi aliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997, na makala juu ya mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 1977 zina jina hilo. Mlima wenyewe nao una mkanganyiko wake: Haroun Tazieff, mtaalamu mashuhuri wa volkano aliyeutembelea mara nyingi, aliandika Niragongo, bila y. Herufi moja yatosha kuyaficha maandishi ya mtu aliyechungulia ndani ya shimo lile kwa macho yake mwenyewe.

Lugha nayo yahusika. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na katika kambi na vituo kilikuwa kimezoeleka zamani kabla ya hapo, lakini hazina kubwa za dunia hazikifahamu sana. Yako majarida ya Kiswahili katika kanzidata, kama vile Kioo cha Lugha cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ila hayo hushughulika na lugha na fasihi. Mambo ya mito, magonjwa na usalama huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Nchini Rwanda utafiti wa zamani uliandikwa zaidi kwa Kifaransa, na Kiingereza kikaongezeka hasa baada ya serikali kukifanya lugha ya kufundishia mwaka 2008. Anayetafuta kwa lugha moja tu hupata nusu ya historia, na nusu yenyewe hutegemea ni lugha ipi aliyoizoea.

Matokeo yakiwa machache mno, fungu moja liondolewe, au mahali papanuliwe. Huenda hakuna aliyeandika juu ya tahadhari pale Nyundo, lakini yameandikwa mengi juu ya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, ambako maporomoko ya Machi 2010 yaliua mamia ya watu. Milima ni ya namna moja, wakulima ni wa namna moja.

Makala zilizokuwa nje ya tarehe

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya wasomi. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, madaktari walikuwa wakifanya majaribio juu ya ugonjwa wa pumu. Watu wazima wenye afya njema walivutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu. Mmoja wao, mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa mfanyakazi wa hapo hapo, aliugua mapafu akafariki tarehe 2 Juni. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mtafiti alikuwa amepekua hazina maarufu ya makala za tiba, PubMed, ili kujua kama dawa hiyo ina madhara kwa mapafu. Wakati ule hazina hiyo ilianzia makala za mwaka 1966. Makala zilizoeleza madhara hayo zilichapishwa katika miaka ya 1950. Zilikuwa rafuni katika maktaba, kwenye majarida yaliyojaladiwa, nje ya tarehe ambazo kompyuta ilizijua. Julai mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda utafiti wote wa chuo hicho uliohusu binadamu na kugharimiwa na fedha za serikali.

Basi kabla ya kuamini kwamba jambo halipo, swali la kumwuliza mkutubi ni moja: hazina hii inaanzia mwaka gani, na majarida gani hayamo?

Kisa cha pili kimetokea Afrika. Ebola ilipoenea Liberia mwaka 2014, ilisemwa kila mahali kwamba ugonjwa huo haukuwa ukijulikana Afrika Magharibi. Liberia peke yake ilipoteza watu zaidi ya 4,800. Mwezi Aprili 2015 Daktari Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu wa Liberia, pamoja na wenzake wawili waliandika katika gazeti la New York Times kwamba wamegundua makala ya mwaka 1982, katika jarida la Ufaransa, iliyoandikwa na watafiti wa Ulaya waliopima damu ya watu wa Liberia. Walikuta dalili za Ebola ndani ya damu hiyo, wakaandika wazi kwamba Liberia ihesabiwe katika eneo la ugonjwa. Hakuna Mliberia aliyekuwa miongoni mwa waandishi. Kuinunua makala hiyo moja kulihitaji dola 45, ambazo kwa daktari wa Liberia zilikuwa kiasi cha nusu ya mshahara wa wiki. Miaka zaidi ya 30 ilipita. Wakaao Rubavu hawana haja ya kuambiwa kwamba habari hii yawahusu: Julai 2019 mgonjwa wa Ebola aligunduliwa Goma, hatua chache kutoka kizuizi cha mpakani ambacho maelfu ya wachuuzi hukivuka kila siku mbele ya macho ya polisi na maofisa wa uhamiaji.

Bei hiyo si kikwazo cha mwisho. Tangu mwaka 2002 upo mpango wa kimataifa, ambao sasa huitwa Research4Life, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya bei kubwa bila malipo au kwa malipo madogo. Mwombaji ni taasisi, na mwanafunzi huingia kwa jina la taasisi yake. African Journals Online, iliyoanza 1998, imekusanya majarida yanayochapishwa katika bara letu, ambayo hazina za Ulaya na Marekani huyaacha. Google Scholar, ya tangu 2004, ni pana kuliko zote, lakini huchanganya makala nzuri na dhaifu, nayo haikubali maagizo marefu yenye mabano kwa uaminifu kama zile za maktaba. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Na makala ikikosekana kabisa, anwani ya mwandishi huwa imeandikwa juu yake. Barua fupi ya heshima hujibiwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ukiisha kupata makala moja nzuri, kazi hubadilika na kuwa ya upelelezi halisi. Mwishoni mwake yapo marejeo, yaani waliotangulia. Kanzidata nazo huonyesha waliokuja baadaye na kuitaja makala hiyo. Njia hii ya pili ilitoka kwa wanasheria: mwaka 1873 Frank Shepard wa Illinois alianza kuchapisha orodha za hukumu zilizotajwa na hukumu za baadaye, ili wakili ajue kama kesi aliyoitegemea bado ina nguvu au imekwisha kutenguliwa. Eugene Garfield aliichukua fikira hiyo, na mwaka 1964 akatoa faharasa ya namna hiyo kwa ajili ya sayansi. Faida yake ni ile ile. Makala ya kitaalamu nayo huweza kupingwa au kufutwa na jarida lililoichapisha, na asiyetazama mbele hawezi kujua.

Mambo mawili zaidi kwa wenye sare. La kwanza ni kuandika daftari: tarehe, hazina, maneno yaliyotumika, idadi ya matokeo. Kituo cha polisi hakikosi kitabu cha matukio kaunta, na mtafutaji asikose chake, la sivyo atarudia juma lijalo njia zile zile alizozipita leo. La pili ni usiri. Maneno yanayoandikwa katika mtandao huacha kumbukumbu. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani kumbukumbu za watafutaji wapatao 650,000, bila majina, na waandishi wa habari wakamtambua mwanamke mmoja kwa maneno aliyoyatafuta tu. Jina la operesheni, la kikosi au la mtuhumiwa halina haki ya kuingia katika kisanduku hicho.

Siku hizi wengine huziuliza programu zinazojibu kwa sentensi, nazo huwapa orodha za makala zilizopangwa vizuri. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani kesi walizopewa na programu ya namna hiyo. Kesi hizo hazikuwahi kuwepo. Hakimu aliwatoza faini ya dola 5,000, wao pamoja na ofisi yao. Orodha ya namna hiyo ikaguliwe katika kanzidata, kichwa kwa kichwa, kabla ya kuingia katika tasnifu au ripoti.

Tumeanza na Nyundo, na ipo habari moja ya Nyundo ambayo maagizo yetu yote hapo juu huenda yasiilete. Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 na kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika maeneo yaliyotawaliwa na Ubelgiji, alikusanya kwa miaka mingi hadithi, methali, mila na miiko ya Wanyarwanda, na vitabu vyake kadhaa vilichapishwa huko huko Nyundo kwa Kinyarwanda. Ofisa anayeandika juu ya namna wananchi wanavyopatana au wanavyoyatafsiri majanga atavihitaji. Kwa sehemu kubwa havimo katika hazina za makala, kwa kuwa si makala, na lugha yake si ile inayofanyiwa ikisiri. Hutafutwa katika orodha ya vitabu ya maktaba, kwa jina la ukoo la mwandishi likitangulia, kisha mtu hufunga safari mpaka kwenye rafu, akiwa na kalamu na kibali cha mkutubi.